Santuri Zilizovuliwa Majina

Lucius Tolliver ana miaka sabini na mbili na bado anadanganya bila kupepesa jicho. Jumamosi iliyopita walimkalisha jukwaani kwenye maktaba yetu hapa Bronx, koti la ngozi, kofia upande, mbele yake meza yenye mashine mbili za santuri, akawaeleza watu jinsi alivyokuwa wa kwanza kubandika utepe kwenye santuri ili ajue ngoma zinaanzia wapi.

"Wazo lilinijia bafuni," alisema, na watu wakaandika. Msichana mmoja wa chuo aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akaazima nyingine. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, mkoba mapajani, nacheka kwa pua.

Kwenye bafu hakudanganya. Bafu lilikuwepo. Ila aliyepiga magoti kando yake kiangazi kizima cha mwaka sabini na sita ni mimi, Vernell, na Lucius wakati huo alikuwa sebuleni mbele ya kioo akijifunza kusimama.

Lucius ni mtoto wa shangazi yangu Hattie Mae. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi kwao ghorofa ya nne, nalala kwenye kochi. Yeye alikuwa na ishirini na mbili na alikuwa amejipa jina: Ngurumo Mkuu. Hakuna aliyempa, alijipa mwenyewe, akalichora kwa rangi ya dhahabu kwenye spika zake sita, kila moja kubwa kama kabati la nguo. Debe tupu haliachi kuvuma, na binamu yangu alikuwa nayo sita.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni hii. Watu hawakuja kwenye uwanja wa mtaa, tulikopigia muziki, kusikiliza mtu akiimba kuhusu mpenzi wake. Walisubiri pale mwimbaji anaponyamaza, tarumbeta zinakoma, ngoma zinabaki peke yake. Hapo ndipo waliporuka katikati ya duara na kucheza mpaka viatu vikapasuka. Tabu ni kwamba kipande hicho hakizidi sekunde kumi. Basi didjei alikuwa na nakala mbili za santuri ileile, moja kwenye kila mashine. Kipande kikiisha huku, unakianzisha kule, na huku unairudisha ya kwanza nyuma kwa mkono. Sekunde kumi zinakuwa dakika tano. Siri yote ndiyo hiyo, na wanaume wa mtaa wetu walitembea nayo kifua mbele kama waliigundua mbingu.

Kilichobaki ni kujua santuri ipi ina kipande kizuri, na hapo ndipo uchoyo ulipoingia. Wapelelezi walikuwa wanasogea karibu na meza wakijifanya wanacheza, shingo zimerefuka kama za bata bukini, wanasoma jina kwenye lebo. Kesho yake na wao wanayo. Kwa hiyo wajanja wakaanza kuloweka santuri majini na kubandua lebo. Lucius alipopata habari hiyo hakulala.

"Loweka zote," aliniambia.

"Zote?"

"Zote, binamu. Hata za mama."

"Shangazi ana santuri za kwaya na ile ya kumfundisha ndege kuongea. Nani atakuja kuiba hizo?"

"Mpelelezi hajui. Akiona moja ina lebo na nyingine haina, atajua zipi ni za maana. Tumia akili, Vernell."

Nilitumia akili, na ukucha wa dole gumba. Santuri mia moja na sitini, maji vuguvugu, sabuni ya unga, unasugua mpaka karatasi inatoka vipande vipande na gundi inakuganda kama ugonjwa. Shangazi alirudi kutoka kazini, hospitalini anakofua mashuka, akakuta bafu limejaa muziki. Aliogea kwenye karai jikoni kwa wiki mbili. Kasuku wake mdogo, Solomoni, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hajasema hata neno moja, alitutazama tu kutoka kwenye tundu, na nadhani ndiye aliyekuwa na busara kuliko wote nyumbani mle.

Nilimuuliza Lucius, "Sasa utajuaje ipi ni ipi?"

"Mimi ni didjei."

"Najua. Utajuaje?"

"Kwa hisia."

Hisia zilimshinda siku ya tatu. Aliweka santuri mbili akidhani ni mapacha, akaziwasha, huku tarumbeta, kule mwanamume analia mkewe kamwacha. Hapo ndipo Ngurumo Mkuu alipokuja jikoni, kofia mkononi, sauti imelainika kama siagi juani.

Mimi sikuhitaji lebo. Ukiosha kitu mara nyingi unakijua sura. Niliinua santuri kwenye mwanga wa dirisha na kuiona yote: pale muziki ulipojaa mistari inang'aa kijivu, na pale ngoma zinapobaki peke yake panakuwa na ukanda mwembamba mweusi. Na karibu na tundu la katikati kiwandani huwa wanakwaruza namba ndogo, ambazo hakuna mwanamume hata mmoja uwanjani aliyewahi kuinama kuzitazama. Nikachukua utepe wa mafundi umeme, mwekundu, kijani, manjano, bluu, nikaukata vipande vidogo. Kila jozi ya mapacha ilipata rangi zake na idadi yake, na ncha ya utepe ikaelekezwa kama mkono wa saa pale sindano inapotakiwa kuanzia. Nikamfundisha Lucius kama unavyomfundisha mtoto rangi. Wekundu wawili, unafungulia. Kijani na manjano, unafuata. Alishika baada ya siku tisa.

Lakini kazi hiyo sikuifanya kwa mapenzi ya ukoo. Tulikubaliana. Jumamosi ya tatu ya mwezi Agosti angepambana na Osvaldo Quiñones, didjei Mpuerto Riko wa mitaa miwili mbele, na siku hiyo mimi ningeshika mashine nusu saa, na jina langu litajwe kwenye maikrofoni. Aliniahidi mezani, mbele ya mama yake, mdomo umejaa kuku.

Niliitaka nusu saa ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nasema waziwazi kwa sababu sasa ni mzee na sina aibu. Walipotoka nyumbani nilifanya mazoezi kwenye mashine zake, spika zimezimwa, hedifoni masikioni, mpaka mikono yangu ikawa inajua yenyewe. Uwanjani kwetu hakuna aliyekuwa amemwona msichana nyuma ya meza ile. Nilikuwa nimeshashona na blauzi.

Alhamisi kabla ya siku yenyewe nilikwenda kwenye mashine za kufulia za pale kona. Osvaldo alikuwepo anafua, akanisaidia kukunja shuka.

"Vernell, huyo binamu yako bado ananguruma?"

"Ananguruma tu. Mvua hainyeshi."

Tukacheka. Dhambi yangu yote ni hiyo. Lakini nje ya kioo alikuwa anapita Dupree. Dupree alikuwa rafiki wa Lucius, na kazi yake ilikuwa kushika maikrofoni na kumsifu Lucius, kazi nyingine hakuna mtu aliyewahi kuijua. Alitimua mbio kupeleka habari kama mtu aliyeona moto.

Niliporudi na kapu la nguo, wote wawili walikuwa sebuleni.

"Umemwambia nini yule?" Lucius aliuliza.

"Nimemwambia shuka lina pembe nne."

"Anakuchekea wewe. Kwa nini akuchekee?"

"Labda nachekesha."

"Utepe," Dupree akasema, kidole juu. "Utepe ni lugha, kaka. Amemfundisha lugha. Jumamosi jamaa atasimama mita kumi anasoma santuri zako zote kama gazeti."

Nikamtazama Lucius nikingoja acheke. Hakucheka. Alikaa sakafuni, akavuta sanduku la kwanza, akaanza kubandua. Wekundu wangu, kijani changu. Alibandua kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake, si kabla wala baada.

"Lucius, ukibandua hizo utajuta."

"Nimeshazikariri."

"Umekariri rangi. Rangi unazitoa."

"Hisia, Vernell."

"Na nusu saa yangu?"

"Nusu saa gani? Wasichana hawashiki mashine. Mikono ya kike ina jasho la mafuta, inaharibu sindano. Uliza mtu yeyote."

Dupree akaitikia kwa kichwa, yeye bingwa wa sindano. Mikono ya jasho la mafuta ilikuwa imeosha santuri zake mia moja na sitini, na hakuna sindano iliyolalamika. Nilijifungia bafuni nikalia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu tangu lini ahadi ya mtu aliyejipa jina mwenyewe ikawa ahadi. Mjinga nilikuwa mimi.

Jumamosi saa tisa mchana uwanja ulijaa. Umeme ulitoka kwenye kibanda cha mtunza uwanja, ambaye kwa mikate miwili ya samaki wa kukaanga angekuruhusu uchomeke mji mzima. Osvaldo alikuwa amepanga spika zake ndogo upande wa ukuta wa mpira wa mikono, ametulia, anakula chungwa. Lucius ndiye wa kufungua. Mimi na shangazi tulikaa kwenye benchi na barafu zetu za ndimu. Nilivaa ile blauzi. Sijui kwa nini.

Pacha wa kwanza alikuwa amewaacha juu ya mashine tangu nyumbani, kwa hiyo dakika tano za mwanzo alikuwa mfalme. Ngoma zilipiga, duara likafunguka, watu wakazunguka kwa migongo. Dupree alipayuka mpaka mishipa ikamtoka. Kisha Lucius akaingiza mkono sandukuni kutafuta wa pili.

Akatoa moja. Akaigeuza. Akatoa nyingine, akaziweka bega kwa bega, akazitazama kama mtu anayelinganisha usiku na usiku. Akaweka moja, akasikiliza kwenye hedifoni, akaitupa kando. Akaweka nyingine. Muziki ukaisha.

"Ngurumo Mkuu anachagua," Dupree alisema kwenye maikrofoni. "Ngurumo hana haraka."

"Ngurumo amepoteza miwani," mtu akajibu kutoka nyuma.

Akaweka moja kwa nguvu, ili yaishe, ikatoka kwaya ya kanisa. Wanawake wawili wazee waliokuwa wanapita walisimama, wakafurahi sana. Hao peke yao. Osvaldo akamaliza chungwa lake na kujipangusa vidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

Lucius aliniona. Alikuja akipasua watu, jasho linachora njia kwenye poda ya shingo.

"Binamu, njoo mara moja."

"Nakula barafu."

"Vernell, tafadhali. Wananila hai."

"Nusu saa yangu. Na jina langu kwenye maiki."

"Naapa."

"Usiape kwangu. Mwapie mama yako."

Akaapa, mkono kifuani, shangazi akimtazama kama anavyotazama shuka lenye doa sugu. Nilimpa shangazi barafu yangu, nikaenda.

"Sogea," nilimwambia Dupree, naye hakujua kwamba anaweza kukataa.

Niliinua santuri moja moja kwenye jua. Hii, na hii. Hii, na hii. Za ngoma niliziweka kulia kwangu, za shangazi kushoto. Haikuchukua muda mrefu kuliko kuchambua mchele. Kisha nikashusha sindano juu ya ule ukanda mweusi, na mikono yangu ikafanya ilichokuwa inakijua. Nilirudisha na kuachia, nikarudisha na kuachia, kipande hakikatiki, hakuna pengo hata la kupenyeza unywele. Nilisikia uwanja ukivuta pumzi. Duara likafunguka kubwa kuliko la mwanzo, na mzee mtunza uwanja akatoka kibandani na mkate wake mkononi akicheza. Nilikuwa na furaha ambayo sina neno lake. Nilibadilisha pacha wa pili, wa tatu, wa nne. Nilikuwa nangoja jina langu.

"Ngurumo Mkuu!" Dupree alipiga kelele. "Tazameni mikono hiyo! Nani kama Lucius?"

Niliinua kichwa. Mimi ni mfupi, na zile spika zilikuwa zimenimeza mpaka nywele. Nyuma ya meza, pembeni yangu, alisimama Lucius, hedifoni nyingine shingoni, isiyochomekwa popote, anatikisa mabega, anapeperusha mikono hewani juu ya mashine kama mtu anayefukuza nzi. Kwa mbele, ni yeye. Uwanja mzima ulikuwa unampigia makofi yeye.

"Jina langu," nikamwambia.

"Baadaye. Usiharibu, inakwenda vizuri."

Nikatazama saa. Dakika kumi na moja. Nikawasha pacha wa tano, nikaacha wimbo uendelee wenyewe, nikavua hedifoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumalizia barafu yangu."

"Nafuata ipi? Vernell. Ipi?"

Kumwelekeza upande wa kulia kulihitaji neno moja tu. Sikulisema.

"Tumia hisia," nilisema.

Nilipita katikati ya duara, mbele ya wote, nikaenda kukaa. Wimbo ukafika mwisho. Lucius alipitisha mkono wa madaha, akachukua santuri iliyokuwa karibu naye, upande wa kushoto, akaiweka, akaegemea nyuma na kufunga macho. Spika sita kubwa kama makabati zikakohoa. Halafu ikatoka sauti ya mama mmoja, taratibu, tamu, inayosikika mpaka njia ya treni:

"Habari, mrembo. Nani ndege mzuri? Sema nami. Mimi ni ndege mzuri. Mimi ni ndege mzuri."

Hakuna aliyecheka mara moja. Watu walidhani ni mtindo mpya. Kisha shangazi Hattie Mae akasimama juu ya benchi, barafu mbili mikononi.

"Lucius! Hiyo ni santuri ya Solomoni!"

Basi, uwanja ulianguka. Nimeona watu wakilala chini kwa kucheka, nimeona mwanamume mzima akimshikilia Osvaldo asidondoke na Osvaldo naye anamshikilia yeye. Lucius alivuta sindano kwa nguvu ikakwaruza, na hata mkwaruzo ule watu waliupigia makofi. Osvaldo hakuhitaji kushindana. Aliwasha santuri zake na kushinda kwa kuwepo tu.

Jioni Osvaldo alinifuata kwenye ngazi. Nilidhani anakuja kusema kitu kuhusu mikono yangu, maana yeye alisimama upande wa ukuta, na kutoka kule aliniona.

"Vernell," alisema, "ile ya nne uliyopiga inaitwaje?"

Ndivyo walivyokuwa, wote. Nilimwambia akaoshe zake.

Nilipanda juu nikijiona nimelipiza kisasi. Ilinichukua mpaka majira ya baridi kuelewa nilichokifanya. Mtaa mzima ulimwita Lucius Kasuku. Kila kona, kila kinyozi, watu walisimulia kasuku. Nikasubiri mtu mmoja tu aseme, na yule msichana je, zile dakika kabla ya kasuku? Hakuna. Kicheko kilikuwa kimefuta kila kitu, na kicheko kilikuwa changu. Meza nyingine sikupewa. Lucius alihamia Queens mpaka watu wakasahau, akarudi na kofia mpya na hadithi mpya, na ndani ya hadithi hiyo utepe ulikuwa wake. Mimi nilifanya kazi posta miaka thelathini na moja.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, walipouliza kama kuna mwenye swali, nilisimama na kwenda mbele na mkoba wangu. Shangazi alipofariki aliniachia sanduku moja la santuri zile. Nikatoa santuri iliyofungwa kwenye taulo, nikamwekea mezani.

"Hii ni moja ya zako, Lucius. Tusomee. Ngoma zinaanzia wapi?"

"Vernell," alisema, akatabasamu kwa watu. "Binamu yangu huyu. Mcheshi sana."

"Tusomee."

Akaichukua. Akatazama katikati, pale lebo inapokaa, palipokuwa na tundu na alama ya gundi tu. Akaigeuza, akatazama katikati ya upande wa pili. Msichana wa chuo alisimamisha kalamu. Juu ya meza palikuwa na taa nzuri ya kusomea, na hakuiinua santuri kwenye mwanga. Miaka hamsini, na bado alikuwa anatafuta jina.

Pacha wake alikuwa kwenye mkoba. Nikamtoa, nikavua saa yangu ya mkononi na kuiweka mezani, watu waione.

"Sogea, binamu," nilimwambia. "Nakudai dakika kumi na tisa."

Akasogea.